Kamba ya Rubani Niliyoifua

Kosa ni langu, nalisema mwenyewe. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye rubani wa mwisho aliyeongoza meli kuingia katika bandari yetu ndogo. Alinikabidhi kamba yake ya kupimia kina cha maji niipeleke kwenye ghala la zamani la forodha, ambalo sasa linafanywa makumbusho. Kamba ilikuwa ngumu kwa chumvi, imejaa mafundo na vitambaa vilivyochakaa. Nikaona haya kupeleka kitu kichafu mbele za watu. Nikailoweka kwa sabuni, nikakata vitambaa, nikafungua mafundo yote kwa msumari. Siku nzima. Ikatoka nyeupe pe!

Binti anayefanya kazi makumbusho alipoikunjua mezani, aliipapasa mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Bibi, alama ziko wapi?"

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Kila fundo lilikuwa alama ya pima moja, urefu wa mikono miwili iliyotanuliwa, na baba mkwe ndiye aliyeyafunga mafundo yale. Binti hakunilaumu, alinivutia kiti. Lakini kamba tupu ingemwambia nini mgeni? Angeona kamba ya kuanikia nguo, na kazi ya wazee wale ingepotea.

Nikamwendea shemeji, nikamweleza yote.

"Miaka yote hiyo bahari imeshindwa kuyafungua, shemeji," akasema. "Wewe umeyaweza?"

"Nisamehe, shemeji."

"Ungekuwa chomboni, tungepanda mwamba na usafi wetu!" Akacheka, kisha akageukia ukutani kwa muda. Nilimwacha.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda pamoja makumbusho, ayafunge upya. Akatanua mikono apime pima ya kwanza, bega la kulia likagoma. Binti akaja bila kuambiwa, akaushika ule mkono, akauinua polepole mpaka ukanyooka. Shemeji akafunga fundo. Wakaendelea hivyo, mkono kwa mkono, hadi mafundo yakatimia kumi na mawili.

"Baba alikuwa mfupi kuliko mimi," shemeji akamwambia. "Hizi ni pima zangu, si zake. Usimdanganye mtu. Andika hivyo."

Binti akaandika kwenye kikaratasi cha kuwekwa kando ya kamba.

"Uniandike na mimi niliyeifua," nikasema.

Shemeji akanitazama, kisha akamgeukia binti. "Mwandike. Lakini kwa herufi ndogo."