Rosela Ndani ya Mpira

Kwenye ratiba ya semina niliandika jina la mume wangu bila kumwuliza. Mimi ndiye katibu wa umoja wa mafundi wa mawe na matofali ya pavingi hapa Babati, na katibu akisubiri kila mtu akubali, semina haifanyiki. Nikaandika: Saa nne, fundi Aniceti, kupima levo kwa mpira wa maji.

"Niondoe," alisema nilipomwambia. "Weka vijana wenye mashine za leza."

"Wangapi wanazo, Baba Jesse? Watu arobaini wanakuja, na wengi wao wana mpira tu, na mdomo wa kuvutia maji."

Hakucheka. Nilikasirika, sifichi. Mtu aliyejenga kuta za mawe Nangara nzima anaogopa kusimama mbele ya mafundi wenzake? Nikamwambia barua za mwaliko zimeshatoka, na jioni hiyo nikampikia makande yasiyo na chumvi.

Jumamosi nikamburuta uani tufanye mazoezi. Kazi hii ni ya watu wawili. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani unajazwa maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yakitulia yanakuwa kimo kimoja pande zote. Tulipoanza maisha hakuwa na uwezo wa kumlipa saidia fundi, kwa hiyo ncha ya pili nilishika mimi, Jesse akiwa mgongoni.

"Maji yako wapi, Mama Jesse?"

"Yamefika kwenye alama."

Akachora mstari ukutani upande wake. "Tayari."

Nikaifunga ncha yangu kwenye msumari, nikaenda kuangalia. Mstari wake ulikuwa vidole vitatu juu ya maji. Alikuwa bado ameshika mpira, amekaza macho, akitazama mahali ambapo maji hayapo.

Nikamwambia inatosha kwa leo, nikakunja mpira. Moyo uliniuma kweli. Nikakumbuka kazi ya kule Mutuka aliyoikataa kwa kisingizio cha mgongo. Nikakumbuka na Biblia, ambayo siku hizi ananipa nisome mimi, eti nina sauti nzuri. Sauti yangu hii! Nikajiona mjinga. Fundi asiyeona levo hapewi kazi, na Aniceti asiye na kazi mimi simjui.

Ningeweza kumwondoa kwenye ratiba kama alivyoomba. Lakini angekaa nyuma ukumbini siku nzima akisikiliza wengine, na baada ya hapo nani angemsimamisha tena?

Asubuhi ya semina nikachemsha maua ya rosela, juisi nyekundu, nzito, bila sukari. Ilipopoa nikaichuja, nikajaza mpira.

Saa nne tulitoka ukumbini hadi uwanja wa kanisa, watu wakazunguka. Aniceti alipokunjua mpira, kicheko kikalipuka.

"Shikamoo mzee wangu," akasema Nickson, mkandarasi kijana wa pavingi, hodari wa kazi na wa maneno. "Leo tunapima levo au tunakunywa juisi?"

Aniceti aliinua ncha yake juani, nikaona macho yake yakiukamata ule wekundu, yakipanda nao na kushuka nao hadi ukatulia. Halafu akanitazama. Kati ya ncha yake na yangu kulikuwa na mita kumi na mbili, na nilijua kwamba amejua. Niliogopa. Siri yake ilikuwa imening'inia pale mbele za watu, nyekundu, na aliyeitundika ni mimi.

"Macho yangu hayaoni maji tena," akasema, kwa sauti iliyofika hadi nyuma. "Tangu mwaka jana. Sikumwambia mtu. Mke wangu amegundua, na badala ya kunisema akanichemshia rosela."

Nickson akavua kofia. Mzee Kasimiri, fundi mkubwa kuliko wote pale, akakohoa.

"Hiyo rosela imebaki? Maana mimi huu mwaka wa tatu nakisia."

Hapo wakacheka tena, Kasimiri wa kwanza, na wazee wengine watatu wakanyoosha mikono kwamba nao hawaoni. Aniceti akachora mstari wake. Nickson akainama kuukagua.

"Umekaa sawa, mzee," akasema.

Wakati wa chakula nikachukua kalamu. Kesho yake, siku ya pili ya semina, saa tatu ilikuwa hotuba ya mgeni rasmi, dakika tisini. Nikaikata zikabaki kumi, na chini yake nikaandika: Kupima macho, mafundi wote. Nikampigia simu muuguzi wa macho, akakubali kuja. Kisha nikaenda na orodha mpaka kwa mume wangu, aliyekuwa anakula wali pembeni ya Kasimiri. Safari hii nilimwuliza kwanza.

"Nianze na jina lako?"

Akatafuna, akameza.

"Andika," akasema. "Lakini ncha ya pili utashika wewe."