Uzito wa Mashati

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Nusukilo, mpimaji, aliweka katoni ya kwanza ya mashati kwenye mizani ya kiwanda. Kwa miaka tisa kila katoni ilikuwa na kilo kumi na mbili. Leo mizani ikasoma arobaini na moja. Akaipangusa, akapanda mwenyewe: sabini na nane, kitambi kilekile. Basi mizani ni nzima. Akaandika arobaini na moja.

Wapakiaji walisema ni ushuru tu. Redio ilishatangaza: nchi inayonunua mashati imeupandisha. Lori lilibeba katoni sita, matairi yakalala. Zilizobaki zikarudi stoo.

Alhamisi akaja mgeni kutoka serikali ya nchi hiyohiyo, mtu mpole, na msaada: vyerehani arobaini, kila fundi na chake. Vilishushwa kwa kuvutwa kwa kamba, maana vilikuwa vinaelea. Mgeni alieleza kwamba kwao wameshakaa kikao, wakapima ushuru huku na msaada kule, vimelingana. Imebaki sahihi ya mpimaji.

Nusukilo alipewa jina hilo kwa kugombania nusu kilo na bosi mbele ya watu. Uzito wa uongo hajawahi kuusaini. Akafanya anachokijua: akafunga cherehani juu ya katoni, akapima. Kilo kumi na mbili kamili.

"Si unaona?" mgeni akasema.

"Naona. Na kamba ikikatwa?"

"Sasa ikatwe kwa nini, ndugu yangu?"

Dada yake, fundi wa kola, alikuwa amesimama mlangoni na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Kaka, weka sahihi. Watoto wataanza kula kamba."

Akasaini. Kamba ikakatwa palepale, kwa sababu mashati yalikuwa ya kusafiri na vyerehani vya kubaki.

Mwisho wa mwezi kiwanda kikafungwa. Kila fundi akaondoka na cherehani chake, na katoni moja ya mashati badala ya kiinua mgongo. Dada alivifunga pamoja, akajitwika. Kilo kumi na mbili, hazikumsumbua.

Nyumbani ndiyo ilikuwa kazi. Akikifungua, cherehani kinapanda kugota dari. Akikifunga, hakishoni.

Baadaye mgeni alirudi na mpiga picha. Huyu aliomba katoni na kamba viondolewe, vinachafua picha. Dada akafungua fundo, halafu akaruka kukidaka cherehani kikipaa.

Picha ilitoka nzuri. Cherehani hakimo. Yumo yeye tu, mikono juu, uso umeinuliwa, kama mtu anayeshukuru.