Kurasa Tatu za Bure

Kompyuta ya Mwalimu Tong Suyun ilikufa wiki moja kabla ya mazoezi ya maabara, ikaenda na maandishi yake yote ya kemia, jasho la miaka kumi na tisa katika sekondari moja ya mji wa Hengyang, China. Kuang Li, mwanafunzi wake wa zamani, akamtuliza kwa simu.

"Usihangaike, Mwalimu. Yako kwenye ile tovuti ya kugawana hati. Sisi sote tulikuwa tunayasoma huko."

"Nani aliyaweka?"

"Tulidhani ni wewe."

Mwalimu Tong akayatafuta huko kwa kompyuta ya ofisini. Naam, yalikuwepo, yamepakuliwa mara elfu arobaini. Kurasa tatu za mwanzo zilisomeka bure. Wa nne ulifunikwa ukungu, na juu yake maneno: jiunge kwa ada, au pakia hati yako upate pointi za kusomea. Mwalimu Tong alikuwa na mtihani wake mmoja kwenye simu. Akaupakia. Jibu likaja papo hapo: umekataliwa, unafanana na hati ya mtu mwingine.

Akalipa ada.

Aliyepakia alijiita Mkulima wa Maarifa, na picha yake ilikuwa chungu cha maua ya okidi kilichopasuka mdomo. Mwalimu Tong akainua macho. Chungu hicho kilikuwa mbele yake, juu ya meza ya Lu Baochang, mwalimu mwenzake.

Akasoma. Ukurasa wa tisa, pale alipokuwa ameandika kwamba asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, sasa paliandikwa kinyume chake.

Lu akaingia na chupa yake ya chai.

"Mwalimu Lu, hii ni kazi yako?"

Lu akachungulia, akatabasamu. "Ah, dada, umenikamata! Elimu ni ya wote, ati."

"Na pointi ni za nani?"

"Usiwe mchoyo bwana. Mjanja mwingine alishanitangulia kuyapakia. Mtambo wa tovuti ukiona maneno yanafanana, unaikataa hati. Kwa hiyo unageuzageuza sentensi, basi."

"Na hii uligeuza?" Akaweka kidole.

Lu akasoma mara mbili. "Aa... hiyo imeponyoka. Lakini nani anafika ukurasa wa tisa?"

"Watoto, Lu! Asidi ikiwarukia machoni?"

"Mbona hakuna aliyelalamika?"

Akanywa chai kwa sauti. Mwalimu Tong akaitazama ile midomo iliyolowa. Akatoka kwenda kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Alipolalamika, tovuti ilidai ushahidi kwamba maandishi ni yake. Akapiga picha madaftari yake ya zamani, ukurasa kwa ukurasa. Siku ya kumi na mbili hati ikaondolewa. Kwenye mkutano wa walimu Lu aliomba radhi kwa maneno matamu, wenzake wakapiga makofi. Mwalimu Tong hakupiga.

Alihamishia meza yake kwenye stoo ya kemikali.

"Mwalimu, huku kunanuka," mtunza stoo akamwambia.

"Afadhali huku."

Jioni hiyo Kuang Li akampigia tena: hati ileile, na kosa lilelile, ilikuwa kwenye tovuti nyingine tatu. Mwalimu Tong akatema mate kwenye karai, akavuta kiti, akaanza kuiandikia tovuti ya kwanza.