Reli Iliyomfikisha Marcelina Kitaji

Waliosoma husema reli ya kutuunganisha na wenzetu haikufika Musoma hata siku moja. Eti wapimaji wa serikali ya Mwingereza walikuja, wakachomeka vigingi kutoka ziwani mpaka Butiama, wakaenda zao, basi. Uongo mtupu. Reli ilifika, na mimi Justina najua kwa sababu niliibeba.

Chanzo ni Masatu wa Butiama. Mtoto wa kaka yangu, Rafaeli, seremala wa Kitaji hapa Musoma mjini, alimposa Marcelina, binti wa Masatu, wakati uleule mzungu wa vipimo alipotangaza kwamba mwakani treni itapita. Masatu alikuwa amefiwa na mke, amebaki na binti huyo mmoja tu. Hakutaka aende. Lakini ng'ombe wa mahari walikuwa tayari zizini mwake, na mtu hawezi kula ng'ombe akakataa mkwe. Basi akavuta pombe ya mtama kwa mrija, akatangaza mbele ya wazee: "Binti yangu haondoki hapa kwa miguu. Ataondoka na treni!" Wazee wakainamia mirija yao mpaka chungu kikakauka.

Kwao, neno lililonywewa halifutwi mpaka wote waliolinywa waketi tena kukizunguka chungu kilekile. Sisi tulicheka, mwaka mmoja ni nini? Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Mchwa wakala vigingi. Kisha mzee Wambura, aliyekunywa kuliko wote siku ile, akafa, na neno la Masatu halikuwa na wa kulifuta tena. Masatu alilia sana msibani. Alikula vizuri pia, nilimwona.

Tulipokwenda kutoa pole, Marcelina alitupokea na jembe mkononi.

"Shangazi, mimi nitakaa hapa kama steshini mpaka lini? Kama reli haiji, si muilete?"

Rafaeli alimwendea Hamduni, mfanyabiashara wa Musoma aliyekuwa amenunua vyuma vikuukuu huko Buhemba kwenye mgodi wa dhahabu. Akapata kigari cha kubebea mawe na vipande vichache vya reli nyembamba. Kazi ikawa hivi: unatandika reli, bibi harusi anakaa kwenye kigari, mnamsukuma, halafu mnang'oa vipande vya nyuma na kukimbia navyo mbele.

Masatu alikizunguka kigari akitafuta kosa. "Treni huwaga na moshi," akasema. Jirani yake Eufrasia akatangulia na chungu cha makaa na majani mabichi, akatukohoza wote. "Tena hulia." Hamduni akapuliza filimbi. Masatu akakamata fimbo yake.

"Haya. Lakini gurudumu likigusa udongo, neno langu limevunjika. Binti anarudi nyumbani."

Akatembea kando yetu njia nzima, macho kwenye magurudumu. Yule mzee alikuwa anaomba tukosee, na hasira niliyokuwa nayo, afadhali nisiseme. Tulilala njiani, tukala vya watu. Ujumbe ukatufuata kutoka Bunda, wanaume wazima wenye kofia, kulalamika kwamba reli imewaruka; wakaleta na mbuzi ili tuwawekee tawi. Tukapokea mbuzi. Tukawaambia wasubiri.

Karibu na Mwisenge kuna mteremko. Wabebaji tulikuwa hoi, kigari kikatuponyoka. Kikateleza na Marcelina ndani yake, na mbele pametandikwa reli ya upande mmoja tu. Kipande cha pili kilikuwa kimelala majanini, miguuni kwa Masatu. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu. Asingefanya lolote, angempata binti yake.

"Baba!" Marcelina akapiga kelele.

Yule mzee alitupa fimbo, akanyanyua chuma ambacho vijana wawili walikuwa wanakibeba kwa kulalamika, akakitandika, gurudumu likapanda juu yake. Kigari kikasimama chini salama. Masatu akakaa kwenye majani, anahema, anaitazama mikono yake. Hakuna aliyethubutu kumwambia asante.

Kitaji tuliingia kwa vigelegele. Padri akafungisha ndoa, wali ukaliwa, mbuzi wa Bunda pia. Jioni, watu wakianza kuaga, Masatu alijifuta mikono, akapanda kigarini akakaa, mikono magotini, uso kuelekea Butiama.

"Haya, nirudisheni," akasema. "Treni hurudi."

Tukageuka wote. Nyuma ya kigari palikuwa na majani yaliyolala kidogo, basi. Kila tulipopita tulikuwa tumeng'oa reli.

"Njia iko wapi?" akauliza polepole, na sasa hakuwa anatafuta kosa. Nilimhurumia yule mzee, na sikuwa nimepanga kumhurumia.

Marcelina alivua viatu vya harusi, akampa Rafaeli ashike. Akafunga kanga juu ya gauni jeupe, akainama, akaburuta kipande cha reli mpaka nyuma ya kigari, upande wa Butiama.

"Kaa vizuri, baba," akasema. "Ukidondoka mimi sikubebi."

Nikasonya, maana mgongo wangu ulikuwa bado unaniuma. Kisha nikaenda kushika ncha ya pili.