Gadi Djuma na Behewa la Tatu

Mwaka wa pili wa vita, treni ya Ubundu iliondoka Kisangani, ukingo wa kushoto wa mto, mara moja kwa juma, mazuti ya injini yakipatikana. Mabehewa yalikuwa matatu na mfagiaji mmoja, Mama Philomène. Wenzake walikimbilia msituni mabomu yalipoanguka. Asubuhi hiyo alisafisha mawili. Alitoa maganda ya ndizi, magamba ya samaki na mavi ya mbuzi, akamwaga maji. Kisha mgongo ukamkaza, akaketi.

Mabehewa aliyoyafagia yakainuka kiganja kimoja juu ya reli na kukaa hapo, yakiyumba kidogo. Abiria wenye mayai walifurahi.

Dereva Timothée alichungulia tangi. "Mazuti haya yatavuta yanayoelea tu," alisema. "La tatu linabaki."

Katika la tatu alikuwemo Mama Marie-Jeanne, na kuku wawili na furushi la nguo za mtoto. Binti yake, mke wa gadi Djuma, alikuwa amehamishiwa Ubundu kwa sababu ya vita, na siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika. Mabehewa mengine yalijaa hadi milangoni.

"Papa Djuma, ufagio huu hapa," alisema Philomène.

"Miye niko gadi, mama. Kazi yangu ni filimbi na bendera. Leo nikifagia, kesho mutaniambia nipike pondu."

"Weka na samaki," alisema Timothée.

Abiria walicheka. Djuma hakucheka. Mwanaume hainami mbele ya mama mkwe wake, na Marie-Jeanne alikuwa amebanwa katikati ya magunia, hawezi kushuka.

"Bokilo," Marie-Jeanne alimwita mkwewe, akitazama pembeni kama inavyopasa. "Mutoto atazaliwa, na miye niko hapa na kuku?"

"Bokilo, nitainama namna gani mbele yako?"

Marie-Jeanne alifikiri. Kisha akajifunika kitenge chake kuanzia kichwani hadi magotini.

"Bon. Sasa siko. Fagia."

Djuma alivua kofia, akafagia. Alipofika kwenye kitenge aliomba radhi, na kitenge kikainua miguu. Behewa likapanda, kwanza upande mmoja, kisha likakaa sawa. Wanawake walipiga vigelegele, na mtu akaanza wimbo uliodumu hadi Ubundu. Hapakuwa na mtikisiko hata mmoja njiani. Mtoto alizaliwa jioni ile mikononi mwa bibi yake, msichana mnene mwenye sauti kubwa.

Baada ya hapo magadi walifagia safari zile tu ambazo mama mkwe wa mmoja wao alipanda. Safari nyingine zote Philomène alifagia matatu peke yake. Kila alipoyafagia, mabehewa yalizidi kupanda, mpaka hakuweza tena kufikia mlango kutoka chini. Alikwenda kumweleza mkuu wa stesheni. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akampongeza kwa kazi nzuri, akamwambia aje na kigoda kutoka nyumbani kwake.