Ini la Mkaguzi

Mkaguzi mstaafu wa shule, ambaye walimu walimbandika jina la Rula kwa jinsi alivyosimama wima, alilala katika chumba cha vipimo akiwa amejinyoosha kama askari wa gwaride. Mjukuu wake alikuwa katika mtihani wa mwisho wa vitendo wa udaktari, na kila mtahiniwa alitakiwa kuja na mtu mzima mwenye afya njema. Kaka wa mke wa Rula, mwenye kitambi kinachoingia chumbani kabla yake, alijitolea. Rula akamkatiza.

“Wewe, shemeji, afya njema ikikuona hubadili njia. Nitakwenda mimi. Tumbo langu halijawahi kuvuka mkanda.”

Mjukuu alimfunga vitambaa vya kupimia mikononi na vifundoni. Mashine ilipima mwendo wa pigo la damu: mshipa laini hulipokea pigo na kulituliza; mshipa uliokakamaa huliacha likimbie. Mtahini, mama wa makamo, alikuwa na sharti moja tu: ukionacho, kiseme kwa sauti.

Namba zikatokea. Mjukuu akazitazama, akapima tena. Zikarudi zilezile.

“Nasubiri, daktari mtarajiwa,” alisema mtahini.

“Mwalimu, nadhani… huenda mashine ina hitilafu.”

Rula aligeuza kichwa. Sauti ile aliijua: ndiyo ya mwalimu anayemzuia mkaguzi asiingie darasani. Akang’amua kwamba binti huyu, aliyelelewa asimvunjie mkubwa heshima, alikuwa radhi kuanguka mtihani kuliko kumwaibisha babu yake.

“Usiisingizie mashine, mke wangu! Haina mdomo wa kujitetea. Sema!”

“Lakini, babu…”

“Hapa hakuna babu, kuna mgonjwa. Sema, nisije nikakukagua mimi!”

Mtahini aliuma mdomo asicheke.

“Mishipa yake imekakamaa kuliko umri wake,” alisema mjukuu, sauti ikijikaza kidogo kidogo. “Na aghalabu mishipa ikiwa hivi, ini nalo huwa limeingia mafuta, hata kwa mtu mwembamba. Moja halithibitishi jingine, kwa hiyo ningependa kulitazama.”

“Ini langu mimi?”

“Vuta pumzi, babu. Ibane. Na usiongee.”

Rula, ambaye hakuwa amewahi kunyamazishwa na mtu, akaibana.

Mjukuu akapitisha kifaa cha mawimbi ya sauti juu ya tumbo lake, na kwenye skrini ini likameremeta kwa weupe kuliko figo jirani yake. Akaeleza bila kupepesa: mafuta yapo, ni hatua ya mwanzo, chakula na mazoezi vyaweza kuyapunguza, damu ipimwe, na moyo usisahaulike. Aibu ilianza kumpanda Rula, lakini fahari ikaipita njiani.

“Umefaulu,” alisema mtahini. “Ungeng’ang’ania ile hitilafu, ningekuangusha.”

Nje, mkewe na shemeji waliinuka kwenye benchi.

“Ehe, mmefaulu?” aliuliza mkewe.

“Amefaulu!” Rula alinguruma, ukumbi mzima ukageuka. “Amelikuta ini langu na mafuta, akanieleza usoni pangu bila kutetemeka. Wajukuu wangapi wanaweza hayo?”

“Ini lako wewe, mwembamba kama mwiko?” Shemeji alicheka hadi machozi. “Mkuki kwa nguruwe!”

Rula alimshika mkono, akaanza kumkokota kuelekea mlango wa chumba cha vipimo.

“Cheka upesi, shemeji. Daktari wetu hapendi kusubiri.”