Shangazi wa Swali la Kumi na Tisa

Watunga mitihani ni watu wa ajabu, na Mwalimu alikuwa mmoja wao. Mchana kutwa wanatafuta namna ya kumtega mtoto wa mwenzao, halafu usiku wanalala usingizi mnono. Yeye alishika sehemu ya pili ya mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo: chagua nahau iliyo sahihi, chagua sentensi ambayo maneno ya kuelezea yamekaa mahali pake. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na saba, na hakuna swali lake lililowahi kuchungulia nje kabla ya siku yake.

Sasa, siri ya maswali yake mazuri ilikuwa mama yake mzazi. Mama huyo hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini kila Jumamosi asubuhi, wakichambua mboga mezani, binti yake alimsomea sentensi alizotunga kwenye kijitabu chake cha kijani, kisha akamweleza kwa Kiswahili. Ikimchekesha, imeiva. Isipomchekesha, inafutwa. Alipoambiwa kwamba Mwingereza akitoboa siri husema amemwaga maharagwe, mama aliuliza maharagwe ya watu yamekosa nini. Na siku aliposomewa ile ya shangazi, alicheka mpaka akashika mbavu: “Akiwa amenyonyoka manyoya, shangazi alimfukuza jogoo sebuleni.” Maana kwa Kiingereza, kwa jinsi maneno yalivyopangwa, aliyenyonyoka manyoya ni shangazi, na kazi ya mtahiniwa ni kuyapanga upya ili aliyenyonyoka awe jogoo.

Kanuni zilikataza kumsomea mtu yeyote, na Mwalimu alizijua kanuni kuliko waliozipiga chapa. Ila mama kwake hakuwa mtu yeyote. Mama ni mama. Kila mwaka fomu ya kiapo iliuliza ni nani mwingine anayeweza kuyafikia maswali, na kila mwaka aliandika: Hakuna.

Ufunguo wa kabati la maswali nao, pale nyumbani walikoishi pamoja, ulikaa kwa mama, umefungwa kwenye pindo la nguo yake. Mwalimu mwenyewe alikuwa msahaulifu wa kutupwa. Miwani aliitafuta huku ameivaa. Na mdogo wake, kitindamimba wa nyumba ile, hakustahili kuusogelea, kwa sababu alikuwa na darasa la kuwafundisha watu mtihani huohuo, kwenye vyumba viwili juu ya duka la fundi simu. Mama alimwita Bosi. Bosi wa nini, sijui. Alikuwa na viti arobaini na wanafunzi tisa. Lakini akiingia tu kwa mama, kiti kinafutwa, chai inapashwa, na nyama iliyofichwa inafichuka.

Basi Jumatano moja, siku nne kabla ya mtihani, Mwalimu aliitwa kwenye chumba cha kamati. Chumba hicho hakina dirisha, na simu zote huachwa kwenye kikapu mlangoni. Mwenyekiti, mzee waliyempachika jina la Mkasi kwa jinsi alivyopenda kukata maneno ya watu, alimsogezea karatasi tatu za fotokopi. Zilikutwa kwenye mkoba wa mtahiniwa. Wajumbe wenzake wanne wakatazama meza.

Alisoma haraka haraka. Kwanza alijipa moyo, labda ni karatasi za kubahatisha, maana mjini wako wengi wanaowapaka wanafunzi mafuta kwa mgongo wa chupa. Alipofika swali la kumi na tisa, alirudi akalisoma tena. Shangazi huyo hapo, na jogoo wake.

Ndani ya chumba hikihiki, miezi miwili nyuma, Mkasi alimwondoa shangazi kwa sababu swali la nne lilikuwa tayari na shangazi mwingine. Wakamweka fundi cherehani, na rasimu ya zamani ikachanwa palepale. Mtihani uliopigwa chapa ulikuwa na fundi cherehani. Shangazi alibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kijitabu chenye jalada la kijani, kabatini kwa Mwalimu. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Mkasi alizungumza kwa upole, jambo lililozidi kumtisha. Alimpa fomu ya maelezo airudishe kabla ofisi haijafungwa. Akamweleza kwamba kama kijitabu kilipotea njiani, basi uzembe ni wake peke yake, atamwaga unga na jina lake litafutwa kwenye orodha ya walimu. Kama kuna mtu alikichukua, mtu huyo atafikishwa mahakamani, na Mwalimu mwenyewe kamati itamfikiria.

Alitembea hadi nyumbani kwa miguu. Njia nzima alimtetea mama. Labda alisinzia, ufunguo ukachomolewa. Labda Bosi alivunja kitasa, hana haya yule. Mtu akitaka kumtetea mama yake hakosi la kusema.

Mama alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi. Mwalimu aliomba ufunguo. Mama alilifungua fundo taratibu, akamkabidhi bila kumtazama, na hapo hapo Mwalimu akajua. Kitasa kilikuwa kizima. Kijitabu kilikuwa mahali pake, ila kilikuwa kimelazwa kifudifudi, na katikati kilikuwa kimekandamizwa hadi uti wake ukapasuka, kama kilichobanwa kwenye mashine ya fotokopi.

“Mama, ulimpa?”

“Nilimpa,” alisema mama. “Alisema atakirudisha jioni ileile, na alikirudisha.”

Hakulia wala hakuomba radhi. Alieleza kama anayeeleza kwa nini aliwasha taa: mwanawe alikuwa na viti vitupu, watu walimcheka, na wanafunzi wake wakifaulu mara moja tu darasa litajaa. Mwalimu aliuliza kama alielewa kilichomo ndani. Mama akamtazama kwa mara ya kwanza.

“Si ulinisomea mwenyewe, kila Jumamosi? Wewe una kazi, mwanangu. Yeye hana kitu.”

Ilimuuma Mwalimu, ilimuuma kweli. Vicheko vyote vile, kumbe aliyekuwa akicheka alikuwa pia anahesabu kurasa. Aliiweka fomu mezani kati ya maganda ya viazi, akafungua kalamu. Akamweleza mama mambo yote mawili, kama alivyoambiwa na Mkasi: akiandika kimepotea, yeye anafukuzwa, akiandika kimechukuliwa, Bosi anashtakiwa.

“Andika kimepotea,” mama alisema.

Na hapa nataka mnielewe, maana wako wanaomlaumu hadi leo. Alikuwa tayari kuandika hivyo. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Alikuwa akingoja neno moja tu kutoka kwa mama yake, swali dogo ambalo hata jirani angeliuliza: na wewe je, utaishije? Aliandika tarehe pole pole. Akaandika jina lake pole pole zaidi. Mama alimenya kiazi kimoja, akamenya cha pili, kisha akakishika kisu bila kumenya.

“Na mdogo wako,” aliuliza, “hawatamfuata kweli?”

Mwalimu aliinamia fomu. Penye swali lilelile la fomu ya kiapo, la nani mwingine anayeweza kuyafikia maswali, ambapo miaka kumi na saba aliandika Hakuna, aliandika: Mama yangu mzazi. Chini yake akaliandika jina la mdogo wake, majina yote matatu, na jengo, na ghorofa. Mama aliuliza ameandika nini. Akamsomea, kama alivyozoea kumsomea, kisha akaikunja fomu, akautia ufunguo mfukoni mwake mwenyewe na kurudi ofisini kabla haijafungwa.